Kutoka Ol Doinyo Lengai Hadi Kwenye Karatasi: Jinsi ya Kuchonga na Kuchapa Mandhari ya Nyikani

Karibu na kijiji cha Engare Sero, upande wa kusini wa Ziwa Natron, kuna uwanda wa majivu ya volkano yaliyoganda yakawa magumu kama saruji. Juu yake zimebaki nyayo za watu, zaidi ya 400, za maelfu ya miaka iliyopita. Mguu ulikanyaga majivu mabichi, ukaacha umbo lake, majivu yakakauka. Kila ninapokwenda upande ule kutafuta picha hupita kwanza pale na kusimama kando, kwa sababu kazi yangu yote ni hiyo: kitu kinakandamizwa juu ya kingine, kikiondoka alama inabaki.

Mimi ni msanii wa chapa. Nachonga picha kwenye lino, kitandiko laini cha sakafu kinachochongeka, naipaka wino, naweka karatasi juu, nasugua kwa kijiko cha mbao mpaka picha ihame. Sina mashine ya kuchapia, na miaka yote hii sijaihitaji. Mwongozo huu namwandikia mtu anayeweza kuchora kidogo, anayependa nyika, na ambaye duka la vifaa vya sanaa liko mbali naye. Nitafuata mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: chapa yangu ya mlima Ol Doinyo Lengai wa kaskazini mwa Tanzania, sentimita 20 kwa 30, rangi tatu, nakala 20.

Kwa nini Lengai

Kwa Kimaasai jina lake maana yake ni Mlima wa Mungu. Una urefu wa mita 2,962, na ndiyo volkano hai pekee duniani ambayo lava yake imejaa kaboneti za sodiamu, yaani chumvi za jamii ya magadi. Kwa sababu hiyo lava hiyo haihitaji joto kali ili itiririke: nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, wakati lava ya volkano nyingine nyingi huvuka 1,000. Hutoka nyeusi au ya kahawia iliyokolea. Ikishapoa na kufyonza unyevu wa hewa, hugeuka nyeupe. Mtu akiuona mlima kwa mbali anaweza kudhani kileleni kuna theluji.

Kwa mchonga lino hilo ni somo zima. Kipande cha lino kisichochongwa, ukikipaka wino na kukichapa, hutoa mstatili mweusi mtupu. Kila unapopitisha patasi unaondoa sehemu ambayo ingeshika wino, na karatasi inabaki nyeupe hapo. Mchoraji wa penseli huanza na mchana akaongeza giza kidogo kidogo. Sisi tunaanza na usiku. Kwa hiyo ukifika nyikani swali lako la kwanza liwe mwanga umekaa wapi. Umbo la mlima utaliona hata ukiwa umechoka. Nikisahau yote mengine niliyojifunza katika kazi hii, hili ningependa libaki.

Hatua ya 1: Kukaa

Kutoka Mto wa Mbu hadi Engare Sero ni zaidi ya kilomita 100 za barabara ya vumbi na mawe, na ukifika joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Beba maji mengi, kofia, daftari dogo la michoro, penseli laini ya 6B, kalamu nene ya wino mweusi, na kipande cha kadibodi ulichokikata dirisha la sentimita 4 kwa 6 katikati. Simu iache mkobani kwa saa nzima ya kwanza. Picha ya simu hukupa kila kitu kwa pamoja, na wewe umekuja kuchagua.

Mara ya kwanza nilifika saa nane mchana, nikatoa daftari papo hapo. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi karibu akasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akainama akatazama ukurasa wangu kwa muda. "Mwanangu, unauchora mlima umelala. Ngoja jioni."

Nilingoja, na sijawahi kuchora mlima mchana tena. Jua la saa nane liko utosini: vivuli vinajificha, na ile mikunjo mirefu ambayo mvua imeichimba kuanzia kileleni hadi chini inapotea, mlima unabaki kama pia ya karatasi. Kuanzia saa kumi na moja jioni jua linaanguka upande wa magharibi, kila korongo linapata ukingo wa mwanga na shimo la kivuli. Kisha linatokea jambo ambalo ndilo lililonipa picha. Magharibi mwa ziwa upo ukuta wa Bonde la Ufa. Jua likishuka nyuma yake, kivuli cha ukuta kinaingia ziwani kwanza, kinatambaa juu ya maji na magadi, na mlima kwa muda unabaki peke yake na mwanga. Hudumu dakika chache tu.

Asubuhi nayo ni nzuri, saa kumi na mbili hadi saa mbili. Ila asubuhi mwanga unatoka mashariki na picha ni nyingine kabisa. Chagua mmoja, usichanganye mwanga wa asubuhi na wa jioni kwenye chapa moja. Jicho la mtazamaji litagundua kwamba kuna uongo hata kama hawezi kusema uko wapi.

Neno kuhusu adabu. Usimchore mtu wala boma lake bila kuomba. Usiwasogelee heroe (flamingo) wakiwa wanazaa: Natron ndiyo mahali pao pakuu pa kuzalia Afrika Mashariki, na wakishtuliwa huweza kuyaacha mayai. Na usitembee juu ya gamba la magadi bila mwenyeji, maana chini yake kuna tope na maji makali yanayochoma ngozi yenye mchubuko.

Hatua ya 2: Michoro midogo, toni tatu

Shika lile dirisha la kadibodi mbele ya jicho moja, lisogeze polepole mpaka uone mpangilio unaokukamata. Kisha fumba macho nusu. Ukifumba hivyo, majani na mawe madogo hupotea, yanabaki mapande makubwa ya mwanga na giza. Chora mapande hayo tu, katika kisanduku cha sentimita 4 kwa 6, kwa toni tatu: nyeupe uache karatasi, kijivu uiweke mistari, nyeusi uijaze kwa kalamu. Dakika mbili kwa kila mchoro, usizidishe. Fanya kumi kabla jua halijazama.

Pembeni mwa kila mchoro andika maneno: upepo ulitoka wapi, ardhi ilikuwa na joto au baridi chini ya mguu, ulisikia nini. Yangu ya jioni ile yanasomeka "kimya, halafu heroe wote kwa pamoja, kama watu wanaonong'ona sokoni kwa mbali". Maneno haya yatakusaidia miezi baadaye, utakaposhika patasi na kujiuliza kama maji yachongwe kwa mistari iliyotulia au iliyovunjika.

Hatua ya 3: Kuacha vitu nje

Mchoro wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa na migunga mitatu, punda milia, boma, Mlima Gelai upande wa kushoto, na mawingu. Vyote vilikuwa vya kweli, nilikuwa nimeviona kwa macho yangu, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuviondoa.

Nilichofanya, na ninachokushauri: rudi nyumbani, weka daftari kabatini wiki moja. Kisha kaa na karatasi tupu uchore kile unachokikumbuka bila kutazama. Mimi nilikumbuka vitu vinne: mlima wenye mwanga, ukuta mweusi upande wa kulia, ukanda wa magadi meupe chini, na msitari mwembamba wa heroe katikati ya kivuli. Migunga haikurudi, wala punda milia. Nikaamini kumbukumbu.

Hatua ya 4: Lino na vifaa vingine

Lino ilibuniwa Uingereza na Frederick Walton katika miaka ya 1860, kwa ajili ya sakafu. Ni mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa yakagande, yakachanganywa na unga wa gamba la mti wa vizibo, yakabanwa juu ya kitambaa cha juti. Wachapaji waliipenda kwa sababu haina nyuzi kama mbao: patasi huenda kushoto, kulia na kwa mzunguko bila kupasua chochote. Ile ya wasanii huwa na unene wa milimita 3 hivi. Nunua yenye mgongo wa juti unaouona wazi. Kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita madukani linafanana nayo kwa sura, lakini ni kitu kingine. Patasi huteleza juu yake na wino haukai sawasawa.

Ukiikosa kabisa, plaiwudi laini inafaa. Itakubishia kidogo kwa sababu ya nyuzi zake, ila nyuzi hizohizo zinapendeza sana angani na majini. Kwa mazoezi madogo hata soli ya kandambili inachongeka. Watazame wachonga mihuri wa mitaani wanavyofanya kazi: wembe, kipande cha mpira, na herufi zote kinyume bila kusita. Mimi nilijifunza kushika wembe kwa kuwatazama wao.

Patasi unazohitaji ni tatu: moja ya mdomo wa V kwa mistari myembamba, moja ya mdomo wa U mwembamba, na moja ya U mpana kwa kufagia maeneo makubwa. Huna fedha? Chukua mwavuli uliovunjika. Zile njiti zake nyingi zina mfereji ndani. Kata kipande cha sentimita 8, noa ncha yake kwa tupa kisha kwa kinoo, kipachike kwenye mpini wa mti, na umepata patasi ya U nzuri kabisa.

Kunoa ni nusu ya kazi. Patasi butu inataka nguvu, nguvu huleta kuteleza, na kuteleza huleta damu. Kila baada ya dakika ishirini au thelathini za kuchonga, ipitishe kwenye kinoo chenye tone la mafuta, kisha ifute kwenye kipande cha ngozi ya mshipi wa zamani.

Vingine: rola ya mpira, kioo cha dirisha kilichofunikwa kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili kisikukate, kisu kipana cha kuchanganyia wino, kijiko cha mbao chenye mgongo laini, matambara, mafuta ya kupikia. Na mwombe seremala akutengenezee ubao wa sentimita 30 kwa 40 wenye kingo mbili: mmoja upande wa chini unaong'ang'ania meza, mwingine upande wa juu unaozuia lino isikimbie mbele unapochonga.

Hatua ya 5: Kuhamisha mchoro, kinyume

Piga msasa laini juu ya lino ili kuondoa mng'ao, kisha ipake wino mweusi mwepesi uliotiwa maji au rangi yoyote nyembamba, uache ukauke. Sasa kila ukichonga utaona mkato uking'aa rangi ya lino dhidi ya giza, na utakuwa unaiona picha yako inavyozaliwa.

Chapa hutoka kinyume, kama uso kwenye kioo. Chapa yangu ya kwanza kabisa ya mlima huu niliisahau kanuni hiyo: ukuta ukatoka kushoto na ziwa kulia. Nilimwonyesha mwenyeji wa Engare Sero akaniuliza huo ni mlima wa wapi. Mtu anayeishi chini ya mlima anajua jua linatua nyuma ya nini.

Njia rahisi: chora picha yako kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kwa ukubwa kamili. Igeuze, ilaze kifudifudi juu ya lino, ibane kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kisha pitisha kalamu butu juu ya mistari yote unayoiona kwa nyuma. Penseli itahamia kwenye lino, na tayari itakuwa imegeuka. Kabla ya kuchonga, iweke lino mbele ya kioo cha ukutani. Unachokiona kwenye kioo ndicho kitakachotoka.

Hatua ya 6: Kuchonga

Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Kanuni ya kwanza ni ya mwili: mkono unaoshika lino usikae mbele ya patasi kamwe, hata kwa mkato mdogo wa mwisho. Chonga ukielekea mbali nawe, na ukitaka kupinda, zungusha lino, mkono wa patasi ubaki ulipo. Sehemu za baridi, kama Arusha mwezi wa Julai, lino hukakamaa na kuvunjika vipande. Ianike juani dakika kumi au ikalie, italainika kama jibini.

Usichimbe kina. Milimita moja yatosha kwa mistari. Maeneo mapana ongeza kidogo ili karatasi isizame ikagusa chini.

Sasa lugha ya mikato. Kila kitu nyikani kina mkato wake, na kuutafuta ndiko ubunifu wenyewe ulipo. Kwa miteremko ya Lengai nilitumia V, nikianza juu kwa mguso mwembamba na kuzidisha shinikizo kadiri ninavyoshuka, kisha nikaipunguza tena. Msitari unakuwa mwembamba, mnene, mwembamba, kama tone la maji lililovutwa. Mikato yote inafuata njia ya mvua, kwa kuwa ni mvua iliyouchonga mlima huo kabla yangu. Ukikata kwa ulalo kwa sababu tu unataka kujaza nafasi, mlima unageuka rundo la nyasi.

Gamba la magadi likikauka hupasuka vipande vyenye pembe nyingi, kama udongo wa bwawa wakati wa kiangazi. Hapo niliondoa sehemu ya ndani ya kila kipande kwa U mpana nikaziacha nyufa, nyembamba mbali na pana karibu. Tofauti hiyo peke yake ndiyo inayoilaza ardhi chini na kuifanya iende mbali. Sikuhitaji kivuli kingine chochote.

Majani ya uwandani: mipigo mifupi ya V, ukiinua patasi ghafla mwishoni. Maji yaliyotulia: mistari mirefu ya mlalo, na uache mingine ikatike bila sababu. Majivu na vumbi: vitone, ukizungusha U mwembamba papo hapo. Ukuta wa Bonde la Ufa niliuacha karibu wote mweusi. Niliogopa kufanya hivyo. Nilikuwa nimeona miamba mingi sana kule, vichaka vinavyoning'inia, korongo lenye maporomoko ya Engare Sero, na patasi ilikuwa mkononi. Lakini jioni ile ukuta ulikuwa kivuli kimoja, na kivuli hicho ndicho kilichokuwa kikiufanya mlima ung'ae. Nikauchonga mikato tisa tu.

Ukitaka kuona mtu aliyeuelewa uzito wa nyeusi na nyeupe, tafuta kazi za John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943, akaishi Namibia na kusomea uchapaji Rorke's Drift, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika chapa zake watu, wanyama na maneno husimama bega kwa bega, na karibu kila kipande cha lino kimeamuliwa.

Chonga kidogo kuliko unavyotaka. Ulichokiacha leo unaweza kukiondoa kesho. Kilichoondoka hakirudi.

Hatua ya 7: Wino na karatasi

Wino wa mafuta ndio unaotoa nyeusi ya kweli. Wino wa mashine za ofseti, zile za viwanda vya uchapaji, unaouzwa kwa mikebe, unafaa pia, ingawa hukauka taratibu. Weka kiasi cha kijiko cha chai kwenye kioo, ulainishe kwa kisu mpaka uwe kama asali ya baridi, kisha utandaze kwa rola kwenda mbele, ukiinua rola na kurudi mwanzo kila mara.

Sikiliza. Wino ukiwa sawa rola hutoa mlio mwembamba mfululizo, kama mchele unaomiminwa polepole kwenye sinia. Ukisikia mlio wa kunatanata, kama viatu kwenye tope, umezidisha, futa nusu. Paka lino tabaka nyembamba nne au tano kwa kubadilisha mwelekeo, badala ya tabaka moja nene ambayo itaziba mikato yako yote ya V.

Karatasi iwe nyembamba lakini yenye nguvu. Kwa kuchapa kwa kijiko, karatasi nzito ya rangi za maji ni mateso. Karatasi za Kijapani za nyuzi za mforosadi ni bora kuliko zote. Usipozipata, karatasi nzuri ya kuchorea ya gramu 80 hadi 120 itakusikiliza. Ilaze bila kuisogeza, weka juu yake karatasi ya kuokea ili kijiko kisiichane, anza kusugua kutoka katikati kwa miduara midogo. Bonyeza kwa uzito wa bega, vidole vitachoka haraka. Inua kona moja, tazama, rudisha, ongeza pale palipo hafifu. Chapa ya ukubwa huu hunichukua dakika kumi hadi kumi na tano.

Chapa ya kwanza ni ya majaribio, usiipende wala usiichukie. Itundike ukutani, kaa mbali hatua tano. Ukifikiri mahali fulani pachongwe zaidi, chukua rangi nyeupe ya maji na brashi, paka hapo kwenye ile chapa kwanza. Ikipendeza, chonga. Hila hii ndogo imeniokolea vibao vingi vya lino.

Hatua ya 8: Rangi tatu kutoka kibao kimoja

Anza na chapa za nyeusi peke yake, tatu au nne, kabla ya kuja hapa. Ukiwa tayari, njia ya kupunguza ni hii: kibao kimoja kinachongwa, kinachapwa, kinachongwa tena, kinachapwa juu ya chapa ileile kwa rangi iliyokolea zaidi. Picasso aliifanyia kazi kwa bidii huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na mchapaji Hidalgo Arnéra. Mwisho wa kazi kibao kimeliwa. Huwezi kurudi nyuma kuongeza nakala.

Kwanza mpangilio wa kuifanya karatasi itue palepale kila mara. Bandika kwenye ubao tambarare pembe ya kadibodi yenye umbo la L ambamo kibao kitaingia, na nje yake pembe nyingine ambamo kona ya karatasi itagota. Usiibandue mpaka rangi ya mwisho ikauke.

Kisha hesabu. Nilitaka nakala 20, nikaanza na karatasi 28. Nane zile ni za kupotea: nyingine zitasogea, nyingine zitapata alama ya kidole. Nilibakiwa na 22.

Mpango wangu ulikuwa huu. Kwanza nilichonga kila kitakachobaki cheupe: magadi, na upande wa mlima ulioshika jua. Nikachapa karatasi zote 28 kwa waridi hafifu sana. Nikasubiri siku tatu. Pili nilichonga kila kitakachobaki waridi: anga upande wa kilele, na heroe. Hapo ndipo pagumu. Heroe mmoja kwenye kibao hana hata milimita 3, na ni lazima ukumbuke kwamba unachokichonga sasa ndicho unachokihifadhi. Niliwatia alama ya kalamu nyekundu mmoja mmoja kabla ya kushika patasi. Nikachapa kijivu chenye buluu kidogo, rangi ya kivuli juu ya maji. Siku nne nyingine, maana mvua ilikuwa imeanza na wino ulikuwa mbishi. Tatu nilichonga vyote vitakavyobaki kijivu, yaani ziwa na vivuli vyepesi vya mlimani, na kilichosalia kwenye kibao kilikuwa ukuta, mikunjo mirefu ya makorongo, na nyufa za karibu. Hizo nikazichapa nyeusi iliyotiwa kahawia kidogo, kama lava siku inapotoka.

Nyeusi ikishuka juu ya rangi mbili zilizotangulia, picha nzima hujikusanya mara moja. Wiki mbili unatazama karatasi zisizoeleweka, kisha unainua kona na mlima upo.

Hatua ya 9: Kukausha, kusafisha, kutia sahihi

Tundika chapa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, ndani ya nyumba, mbali na vumbi na moshi wa jiko. Safisha lino na kioo kwa mafuta ya kupikia na tambara, kisha sabuni. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike pamoja: yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Sahihi huwekwa kwa penseli chini ya picha, kwa sababu penseli haififii wala kuchuja. Kushoto namba, kwa mfano 3/20; katikati jina la kazi; kulia sahihi yako. Ukiandika 20, ziwe 20. Mtu anayenunua chapa yako ananunua pia neno lako. Zile mbili zilizozidi niliziandika kuwa za msanii, hazina namba na hazikuuzwa.

Mojawapo ya hizo mbili ndiyo ninayoibeba. Irudishe chapa yako mahali ilipotoka, saa ileile, uishike mbele ya mandhari yenyewe, kisha igeuze uandike nyuma kwa penseli kile unachokiona sasa na hukukiona wakati ule. Nyuma ya ile ya Lengai pameandikwa: heroe wapungue nusu, kivuli kifike majini mapema, magadi ya karibu yana waridi pia, niliyaacha meupe mno.